Barua ya wazi kwa wakuu wa huduma za saratani: Mmetupima vinasaba, sasa tufuatilieni

Kwa Waheshimiwa wasimamizi wa huduma za saratani, waganga wakuu wa hospitali, na wakurugenzi wa mifuko ya bima ya afya,

YAH: WATU WENYE HATARI YA SARATANI YA KURITHI KUACHWA BILA HUDUMA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nimepeleka malalamiko kitengo cha huduma kwa wateja, ofisi ya mganga mkuu na dawati la rufaa la bima. Barua moja ilijibiwa kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Nyingine hazikujibiwa kabisa.

Mimi si mgonjwa wa saratani. Nimebeba hitilafu katika jeni (kinasaba) iitwayo BRCA2, niliyoirithi kwa baba yangu. Jeni hii ikiwa nzima husaidia seli kukarabati DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani yake, inapokatika. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Aliyepewa nakala moja mbovu anakua na kuishi kama watu wengine, ila nakala nzima iliyobaki ikija kuharibika ndani ya seli moja ya titi au ya ovari, seli hiyo inakosa ukarabati na saratani inapata pa kuanzia. Na kila mtoto nitakayemzaa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi hitilafu hiyo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu katika BRCA2 au katika jeni nyingine inayofanana nayo kwa kazi, BRCA1, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA2, 69 hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80, na 17 hupata saratani ya ovari. Kwa BRCA1 makadirio ni 72 na 44. Ninazitaja namba hizi kwa sababu mnazijua kuliko mimi, na kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa namba hizo hawezi kurudishwa nyumbani na maneno "ukiona dalili njoo".

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mfumo wenu unamjua mgonjwa na unamjua mzima. Sisi hautujui.

Kwenye dirisha la kliniki ya saratani kuna fomu ya kufungulia faili. Inauliza tarehe ya kugundulika, aina ya saratani na hatua ya ugonjwa, na kompyuta haikubali kuendelea kama hatua haijajazwa. Karani alisoma karatasi yangu ya majibu, akairudia, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, uvimbe wenyewe uko wapi?" Nilipomwambia sina uvimbe, alinielekeza kwa daktari wa wagonjwa wa nje. Daktari naye akasoma karatasi ileile, akaniandikia rufaa ya kwenda kliniki ya saratani. Siwalaumu hata mmoja. Walifanya kilichowezekana kwa fomu mliyowapa.

Asiye na faili hana ratiba. Miongozo ya kitaalamu inayofuatwa katika nchi kadhaa inataka mwanamke mwenye hitilafu kama yangu apimwe matiti kwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamografia (eksirei ya matiti) iongezwe kuanzia miaka 30, kwa kuwa matiti ya mwanamke kijana yana tishu nzito na mamografia peke yake inaweza kupitwa na uvimbe. Haya niliyajua kwa kusoma mwenyewe. Kipimo changu cha mwaka huu kitafanyika iwapo nitakumbuka tarehe, nitapewa ruhusa kazini, na nitampata daktari atakayekubali kuomba MRI kwa mtu "asiye na dalili". Nikisahau, hakuna mtu katika mfumo wenu wote atakayegundua kwamba sikufika.

Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, na ningelipata hili moja ningevumilia mengi. Mlinipima ninyi. Majibu yana muhuri wenu. Mnajua jina langu, umri wangu na nilichobeba.

2. Majibu yanatolewa bila ushauri nasaha.

Karatasi yangu nilikabidhiwa kwenye korido, ndani ya bahasha, pamoja na maneno "utamwonyesha daktari wako". Ilikuwa na mistari ya herufi na namba zinazoonyesha hitilafu ilipo, na chini yake sentensi moja kwamba hitilafu hiyo inasababisha ugonjwa. Mtu anaposoma sentensi ile akiwa amesimama, katikati ya watu wanaopita na machela, haelewi kwamba hatari ni tofauti na ugonjwa. Anaelewa kwamba anakufa.

Kabla ya kipimo mtu anapaswa kuelezwa kinaweza kuonyesha nini, kitawahusu ndugu gani, na kwamba ana haki ya kukataa. Baada ya kipimo anapaswa kukaa na mtu anayeweza kumjibu maswali yake, na kurudi tena maswali mapya yanapokuja, maana yanakuja usiku baada ya wiki kadhaa.

Kuna kundi linaloumia zaidi: wale ambao kipimo chao kinarudi na tofauti ya jeni ambayo maana yake haijafahamika. Hifadhi za takwimu za vinasaba duniani zimejengwa kwa sehemu kubwa na sampuli za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo watu wenye asili ya Afrika na maeneo mengine yaliyopimwa kidogo hupata majibu ya namna hii mara nyingi zaidi. Tofauti nyingi za aina hiyo baadaye huonekana kuwa hazina madhara. Lakini mtu asiyeelezwa anaweza kudhani ana hitilafu hatari na kuomba akatwe viungo, na mwingine akadhani yuko salama ilhali ukoo wake umejaa wagonjwa. Majibu haya yanatakiwa kupitiwa upya ujuzi unapoongezeka, na mhusika aitwe. Nani wenu ana daftari la kuwaita?

3. Fomu zenu zinamuuliza mama, baba zimemsahau.

Kwenye uchunguzi wa matiti niliulizwa: je, mama yako, dada yako au binti yako amewahi kuugua saratani ya matiti? Nilijibu hapana, na ilikuwa kweli. Nikaandikiwa "hatari ya kawaida". Fomu haikuwa na mstari wa shangazi. Shangazi yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya ovari. Mdogo wake alikatwa titi kabla ya kufika miaka 45. Bibi mzaa baba tunaambiwa alikufa kwa "uvimbe wa tumbo", na ni nani leo anaweza kutuambia ulikuwa uvimbe gani? Baba mwenyewe hajawahi kuumwa, akabeba hitilafu maisha yake yote na kunipa mimi bila kujua.

Hitilafu hizi zinapita kwa wanaume sawa na kwa wanawake. Nusu ya wanaozibeba ni wanaume. Kaka yangu alipopimwa baada yangu, naye akakutwa nayo, aliambiwa arudi nyumbani kwa sababu "haya ni mambo ya akina mama". Mwanamume mwenye hitilafu ya BRCA2 ana hatari kubwa kuliko wenzake ya saratani ya tezi dume, na inapompata huwa na tabia ya kuwa kali. Miongozo hushauri aanze kupimwa damu kwa kipimo cha PSA akiwa na miaka 40. Anaweza pia kupata saratani ya titi na ya kongosho. Kaka yangu ana mabinti. Mliyemrudisha nyumbani ni baba wa wasichana ambao hatari yao haijaandikwa popote.

4. Bima inalipia ugonjwa na inakataa kinga.

Barua ya kukataliwa MRI yangu ina sababu moja: "hakuna ugonjwa uliothibitishwa". Mfuko huohuo utalipia upasuaji, dawa za kemikali na mionzi siku nitakapougua. Upasuaji wa kuondoa matiti kabla ya ugonjwa, ambao hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 90 au zaidi, umewekwa kwenye fungu moja na upasuaji wa urembo. Nimeisoma sentensi hiyo kwenye orodha ya huduma zisizolipiwa, na ninaomba aliyeiandika aniambie ni urembo gani mtu anaoutafuta kwa kukatwa matiti yake akiwa mzima.

Upande wa pili wa jambo hili ni hofu ya kubaguliwa. Nina ndugu waliokataa kupimwa kwa sababu wanaogopa kupandishiwa michango, kunyimwa bima ya maisha au kupitwa kazini. Siwezi kuwaambia hofu yao haina msingi. Azimio la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya binadamu, katika ibara ya 6, linakataza mtu kubaguliwa kwa misingi ya vinasaba vyake. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008 kuzuia ubaguzi huo katika bima ya afya na ajira, ingawa iliacha nje bima ya maisha. Kanada ilitunga yake mwaka 2017. Ninyi mnaweza kutamka hata kabla ya sheria kwamba majibu ya vinasaba hayatatumika kumpandishia mtu michango. Mbona hamjatamka?

5. Uamuzi wa upasuaji wa kinga tumeachiwa peke yetu.

Kwa saratani ya ovari hali ni ngumu kuliko ya matiti, kwa sababu hakuna uchunguzi wa mara kwa mara uliothibitishwa kupunguza vifo. Ultrasaundi na kipimo cha damu havijafaulu. Kinachosaidia kweli ni kuondoa ovari na mirija ya uzazi mtu akishamaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa mwenye BRCA1, na kati ya 40 na 45 kwa mwenye BRCA2. Upasuaji huo hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa asilimia 80 hivi.

Lakini mwanamke anayeondolewa ovari akiwa na miaka 40 anakoma hedhi siku hiyohiyo. Joto linampanda ghafla, usingizi unapotea, hamu ya tendo la ndoa inashuka, mifupa inaanza kudhoofika, na hatari ya maradhi ya moyo inapanda. Mengi ya hayo yana tiba au nafuu, ikiwemo homoni za muda kwa wale wanaoruhusiwa kuzitumia. Niliwauliza madaktari watatu nani atanifuatilia baada ya upasuaji. Mmoja alisema ni kazi ya daktari wa upasuaji, mwingine akasema ya daktari wa akina mama, wa tatu akanyamaza.

Na kabla ya hapo kuna maswali ambayo hayangoji: nizae lini, nizae wangapi, nimwambie lini mtu ninayetaka kuolewa naye. Daktari aliniuliza, "Umeshazaa?" Nilipojibu bado, alifunga faili akasema tutaonana baadaye. Miaka yangu ya kuzaa na miaka yangu ya kujikinga inagongana. Nilihitaji mtu wa kukaa nami tukapange. Wapo wanaochagua upasuaji na wapo wanaochagua uchunguzi wa karibu, na wote wana haki, ilimradi wamechagua wakijua. Ninayoyaona kwa wenzangu ni watu wanaosukumwa na woga wa siku moja, au wanaoahirisha kwa sababu hakuna aliyewaita tena.

6. Saratani za kurithi haziishii kwenye matiti.

Watu wenye sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 300 hivi, wana hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba. Kwa wengi wao kolonoskopi (kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana) kila mwaka mmoja au miwili, kuanzia ujanani, hunasa vinyama vinavyoota utumboni kabla havijageuka kuwa saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba aspirini ya kila siku kwa angalau miaka miwili ilipunguza saratani ya utumbo kwa watu hawa, na nafuu hiyo ilionekana miaka kadhaa baadaye. Aspirini! Dawa iliyopo kila duka la dawa, ingawa ya kutumiwa kwa ushauri wa daktari kwa sababu ya vidonda vya tumbo na kuvuja damu. Wapo pia wenye hitilafu ya jeni ya APC, ambao utumbo wao hujaa mamia ya vinyama wakiwa bado vijana, na bila upasuaji karibu wote huishia kwenye saratani. Wapo watoto wa familia zenye retinoblastoma (saratani ya jicho ya utotoni), ambao macho yao yanatakiwa kuchunguzwa tangu wiki za kwanza za maisha. Mtu anatibiwa saratani ya utumbo akiwa na miaka 38, anapona, anaruhusiwa, na hakuna anayemuuliza kama ana ndugu.

Najua mtakayosema, kwa kuwa baadhi nimeshaambiwa.

Mtasema sisi ni wachache. Saratani kati ya 5 na 10 katika kila 100 zinatokana na hitilafu za kurithi. Na tofauti na wengine wote, sisi tunaweza kujulikana kabla ya kuugua. Ukimpata mmoja umepata njia ya kuwafikia wazazi, ndugu, watoto, shangazi, baba wadogo na binamu.

Mtasema kipimo ni ghali. Kwa mtu wa kwanza katika ukoo, ambaye jeni zake nyingi lazima zisomwe, kinaweza kuwa ghali. Kwa ndugu zake maabara inaangalia sehemu moja tu iliyokwisha kujulikana, na hiyo ni kazi ndogo zaidi. Bei zenyewe zimeshuka sana. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba DNA ya asili haiwezi kumilikiwa na kampuni kwa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), na maabara nyingine zikaanza kutoa kipimo cha BRCA ambacho hapo awali kilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Wekeni gharama ya kumpima ndugu na kumchunguza kila mwaka kando ya gharama ya kutibu saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa, kisha mtuonyeshe hesabu yenu.

Mtasema hamna washauri wa vinasaba. Ni kweli ni wachache. Basi wafundisheni wauguzi na madaktari wa kliniki za saratani kutoa maelezo ya awali na kuchukua sampuli, mtaalamu mmoja abaki kwa kesi ngumu, hata kwa simu. Utaratibu huo umefanywa na hospitali za nchi nyingine na unafanya kazi.

Mtasema mtawatia watu hofu, au kwamba haya ni mambo ya matajiri na mastaa. Mwaka 2013 Angelina Jolie alipotangaza kwamba ameondoa matiti kwa sababu ya BRCA1, dunia nzima ilizungumza, na baadhi ya watu wakabaki na picha kwamba hili ni jambo la watu wa sinema. Jeni haiangalii mfuko. Na hofu tulikuwa nayo zamani. Katika ukoo wetu tulizika watu huku tukinong'ona kuhusu laana na kulogwa. Siku nilipoonyeshwa mchoro wa ukoo wetu kwenye karatasi, mistari ikitoka kwa bibi kwenda kwa shangazi na kwa baba, ndipo minong'ono ilipoisha mezani kwetu.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Mtufungulie faili kama kundi linalojitegemea, pamoja na daftari la ufuatiliaji linalomwita mtu tarehe ya kipimo chake inapofika, na kumtafuta asipofika.

(b) Pasitolewe majibu ya vinasaba kwa mtu yeyote bila kikao cha ushauri kabla na baada.

(c) Fomu za historia ya familia ziulize pande zote mbili, hadi kwa babu na bibi, shangazi, wajomba, mama wakubwa na wadogo, baba wakubwa na wadogo. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi mpya.

(d) Kila anayekutwa na hitilafu apewe barua ya kuwapelekea ndugu zake, ya lugha nyepesi, na ndugu hao wapimwe bila kuanza safari upya. Wanaume wapokelewe.

(e) Bima ilipie uchunguzi wa kila mwaka, upasuaji wa kinga na matunzo baada yake, na itamke kwa maandishi kwamba majibu ya vinasaba hayatatumika dhidi ya mwanachama.

(f) Kila uvimbe wa saratani ya utumbo unaoondolewa upimwe dalili za Lynch, na mgonjwa wa saratani ya ovari asiruhusiwe kuondoka bila kuulizwa kama angependa kupimwa vinasaba.

Kama hamuwezi yote kwa pamoja, anzeni na (a) na (c). Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, litakalosema nani anahusika na nini, na lini. Nitalisoma hadharani kama ninavyoiweka barua hii. Niko tayari kuja, pamoja na wenzangu, kukaa na yeyote mtakayemteua.

Jina langu na namba yangu mnavyo kwenye malalamiko ya awali. Hapa sikuyaandika kwa sababu jina la ukoo ni la ndugu zangu pia, na baadhi yao bado hawajaamua kama wanataka kupimwa.

Wenu katika ujenzi wa huduma bora,

Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA2, kwa niaba yake na ya ukoo wake